VIBAO VYA PETROLI KATIKA BARA YA MOMBASA: JINA, MAHALI NA HAMU YA KALE

1. Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuyatafuta maneno katika miswada ya tenzi, katika kamusi na katika vinywa vya wazee. Ni wachache waliowahi kuyatafuta penye pampu ya petroli. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kituo cha mafuta, pamoja na kibao kilichosimama mbele yake, ni jambo linalostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba ile huzuni wanayoionyesha watu wa makamo wanapokumbuka vituo vya zamani vya Likoni, Kisauni na Changamwe si upuuzi wa watu waliochoka na dunia ya leo. Ndani yake mna habari kuhusu namna wasemaji wa Kiswahili wanavyoyapokea maneno ya kigeni, wanavyoyageuza, na hatimaye wanavyoyatumia kupaita mahali pao.

Kabla ya kwenda mbele, yafaa tuitafutie hali hiyo jina. Lugha nyingi za Ulaya zina neno moja kwa uchungu mtamu wa kukumbuka yaliyopita. Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na wote, lakini hakikukosa mali ya kulitengenezea. Neno lililo karibu zaidi ni 'hamu'. Katika mazungumzo ya leo 'hamu' ni kutamani: mtu ana hamu ya chakula, ana hamu ya kumwona mwanawe. Lakini asili yake ya Kiarabu ni dhiki ya moyo, na katika lugha ya washairi wa kale 'hamu' iliandamana na 'ghamu' kwa maana ya huzuni. Kwa hiyo tukisema 'hamu ya kale' tunapata mambo mawili kwa pamoja: kutamani na kuhuzunika. Hilo ndilo neno litakalotumika hapa, na inafaa wasomaji waseme kama linawatosha.

2. Milango mitatu ya kisiwa

Mombasa ni kisiwa, na mtu wa kisiwani hutoka kwa milango mitatu mikuu. Anayekwenda Ukunda, Msambweni na Lungalunga huvuka kwa feri hadi Likoni. Anayekwenda Mtwapa, Kilifi na Malindi huvuka Daraja la Nyali na kuingia upande wa Kisauni. Daraja la kwanza hapo lilikuwa la kuelea, nalo lilifunguliwa mwaka 1931. Hili la zege tunalolitumia sasa ni la mwaka 1980. Anayekwenda Mariakani, Voi na Nairobi hupita Makupa na kuingia Changamwe.

Hali hii ya nchi ndiyo iliyokipa kituo cha mafuta cheo chake. Penye mlango ndipo msafiri anapojiuliza kama mafuta yake yatamfikisha aendako. Hapo ndipo anapotia upepo katika magurudumu, anapotia maji katika rejeta, na anapouliza habari za njia. Kwa hiyo vituo vya bara ya Mombasa havikuwa maduka tu. Vilikuwa mapumziko na mipaka. Msafiri aliyetoka mbali usiku, akakiona kibao chenye taa ndani yake kinang'aa mbele yake, alijua kwamba amefika.

Changamwe ilikuwa na jambo jingine la zaidi. Kampuni ya kusafisha mafuta ghafi iliandikishwa mwaka 1960 kwa jina la East African Oil Refineries, nayo ilianza kazi mwaka 1963. Serikali ya Kenya ilinunua nusu ya hisa zake mwaka 1971, mtambo wa pili ukaongezwa mwaka 1974, na mwaka 1983 kampuni ikaitwa Kenya Petroleum Refineries. Mwaka 1978 bomba la kupelekea mafuta Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450 hivi, lilianza kazi. Kazi ya kusafisha mafuta ghafi ilikoma mwaka 2013. Kwa muda wa nusu karne, basi, mtu wa Changamwe hakuyajua mafuta kama bidhaa inayotoka pampuni tu. Yalikuwa kazi ya baba, sare ya mjomba, na sababu ya malori marefu yaliyopanga foleni barabarani. Mtu kama huyu anapokumbuka kibao cha petroli, hakumbuki kibao peke yake.

3. Kabla ya pampu: urithi wa debe

Hatuwezi kuzungumzia maneno ya kituo cha mafuta bila ya kuanza na neno lililokitangulia kituo chenyewe. Neno hilo ni 'debe'. Kabla ya pampu kuenea, mafuta ya taa na petroli yalifika katika vyombo vya bati vya galoni nne, na chombo hicho kikaitwa debe, kwa neno lililotoka katika lugha za Bara Hindi. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Lilichotewa maji, likapimiwa mahindi na mchele, likapandwa maua, likakunjuliwa na kuezekea nyumba.

Wanaisimu wataona jinsi maana ilivyofuata kazi ya chombo hatua kwa hatua. Kwanza debe lilikuwa chombo cha mafuta. Kisha likawa chombo chochote cha ukubwa huo. Halafu likawa kipimo, hata mtu akaweza kununua debe la mahindi ambayo hayakutiwa debeni. Debe tupu nalo lina sauti kubwa, na methali isemayo kuwa debe tupu haliachi kuvuma ikamfaa mpayukaji asiye na elimu. Kutokana na sauti hiyo hiyo tukapata 'kupiga debe', yaani kuwaita abiria kwa makelele, na baadaye 'kumpigia debe' mgombea wa kiti. Leo mtu anaweza kumpigia debe mbunge bila ya kukumbuka hata kidogo kwamba asili ya usemi wake ni bati la mafuta.

Mfano huu ni muhimu kwa hoja itakayofuata. Kitu cha biashara kilichotoka ng'ambo kiliingia katika lugha, kikapoteza alama ya mwenye biashara, kikawa mali ya wasemaji. Tuone kama vibao navyo vilipitia njia hiyo.

4. Jinsi ulimi ulivyoyapokea majina

Katika miaka ya 1970 na 1980 majina yaliyoonekana katika vibao vya petroli nchini Kenya yalikuwa haya hasa: Shell, BP, Esso, Mobil, Caltex, Agip, Total, na majina mawili ya Kenya yenyewe, Kenol na Kobil. Mengi ya hayo huishia kwa konsonanti, jambo ambalo silabi ya Kiswahili hailipendi. Msemaji hana budi kuliongeza irabu. Swali ni: irabu ipi?

Jibu linaonekana wazi tukiyapanga pamoja na maneno ya mkopo yaliyokwisha kukubaliwa. Maneno yaishiayo kwa /l/ huongezwa /i/: hoteli, baisikeli, petroli, dizeli. Kwa hiyo tunasikia Sheli, Mobili, Kobili, Kenoli, Totali. Maneno yaishiayo kwa konsonanti za midomo huongezwa /u/: pampu, kilabu, timu, stempu. Kwa hiyo Agip ikawa Ajipu. Caltex inaishia kwa konsonanti mbili zilizofuatana, nayo ilifuata njia ya 'teksi', ikawa Kalteksi. Esso haikuhitaji msaada wowote, kwani irabu yake ya mwisho ilikuwepo tangu mwanzo. Ilipunguza mkazo wa /s/ tu. BP ilisomwa herufi kwa herufi, ikawa Bipii.

Hapana darasa lililoyafundisha matamshi haya, wala hapana baraza lililoyakubali. Hata hivyo yanafuata kanuni ile ile iliyolileta neno 'hoteli' na neno 'kilabu'. Mwalimu anayetafuta mifano ya kuwafundishia wanafunzi fonolojia ya maneno ya mkopo hana haja ya kwenda mbali. Awatume barabarani.

Upatanisho wa kisarufi pia unapendeza kuangaliwa. Majina haya yote yaliingia katika ngeli ya I-/ZI-: 'Kobili ile imefungwa', 'Sheli za njiani'. Lakini mara tu jina linapotumika kwa maana ya mahali, upatanisho hugeuka: 'pale Kobili pana watu wengi', 'Totali pamebadilika'. Msemaji hakuongeza kiambishi cha '-ni' mwishoni, kama asivyoongeza katika majina ya miji. Hatusemi 'Nairobini', vivyo hivyo hatusemi 'Kobilini'. Kwa maneno mengine, sarufi imekwisha kulihesabu jina la biashara kuwa jina la mahali, sawa na Likoni au Changamwe yenyewe.

5. Kutoka chapa hadi mahali

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Jina la chapa likiingia katika lugha laweza kushika njia moja kati ya mbili.

Njia ya kwanza ni ya kuwa jina la jumla. Mfano mzuri hautoki Mombasa bali Tanzania, ambako 'sheli' ni kituo chochote cha mafuta, hata kiwe na kibao cha kampuni nyingine. Mtu aweza kusema, bila ya mzaha, kwamba sheli fulani ni ya Total. Hapa chapa imekufa na neno likazaliwa. Ni njia ile ile iliyofuatwa na 'kolgeti' kwa dawa ya meno na 'kiwi' kwa rangi ya viatu. Nchini Kenya 'sheli' haikuenea kwa maana hiyo. Watu husema 'petroli stesheni', na waandishi husema 'kituo cha mafuta'.

Njia ya pili, ambayo ndiyo hasa ya bara ya Mombasa na ya miji mingine ya Kenya, ni ya kuwa jina la mahali. Abiria wa matatu humwambia makanga, 'Nishukishe Kobili', naye hana nia ya kununua mafuta. Anakwenda kwao. Kituo kimekuwa alama ya njia, na jina lake limehama kutoka kwenye kibao hadi kwenye ardhi.

Yafaa tulinganishe jambo hili na desturi ya kale ya kupaita mahali katika bara hiyo hiyo. Majina mengine hutanguliza 'kwa': Kwa Jomvu na Kwa Hola upande wa Changamwe, Kwa Bulo upande wa Kisauni. Mengine hutaja tabia au wasia, kama Shika Adabu kule Likoni. Mengine ni jambo lenyewe lililofanyika hapo, kama Majengo Mapya. Jina la kituo cha mafuta halikushika 'kwa'. Watu husema 'pale Totali', na ni nadra kusikia 'kwa Totali'. Kwa maoni yangu sababu ni kwamba 'kwa' humtaka mwenyeji mwenye uso na ukoo, ambaye mtu angeweza kumpigia hodi. Kampuni haina uso. Watu waliipa nafasi katika lugha, lakini hawakuipa uenyeji. Hili ni jambo dogo la sarufi lenye hukumu kubwa ndani yake.

Baadaye vibao vilianza kushuka. Biashara ya mafuta nchini Kenya ilifunguliwa mwaka 1994, Serikali ilipoacha kupanga bei, na kampuni zikaanza kuuziana mali. Vituo vya Agip vilichukuliwa na kampuni za Shell na BP. Vile vya Mobil vikawa vya OiLibya, ambayo nayo baadaye ikaitwa Ola. Caltex ilinunuliwa na Total mwaka 2009. Kenol na Kobil, zilizokuwa zimeungana, zilinunuliwa na kampuni ya Kifaransa ya Rubis mwaka 2019. Total yenyewe iliongeza neno katika jina lake mwaka 2021. Kibao cha Shell kimebaki, lakini anayekiendesha ni kampuni nyingine iliyopewa ruhusa ya kulitumia jina hilo.

Wasemaji hawakufuata mikataba hiyo. Mtu wa miaka sitini hupaita mahali kwa jina la Kalteksi, mtoto wake hupaita Totali, na wote wawili wanashuka penye nguzo moja. Kutokana na hali hiyo tunapata jambo ambalo wanaisimu jamii wangelipia fedha kulipata: jina analolitumia msemaji kwa kituo cha mafuta hutaja umri wake, na wakati mwingine hutaja mwaka alipohamia mtaa ule. Ni kama matabaka ya udongo. Anayechimba hukuta Ajipu chini ya Sheli, Mobili chini ya Olibya.

Lakini matabaka hayo hayadumu. Jina lililofutwa katika kibao huishi kwa muda wa vizazi viwili hivi katika kinywa, kisha likafa. Barabara zikipanuliwa, kituo chenyewe huondoka, wala hapabaki hata sakafu ya kuonyesha. Hapo jina hukosa pa kukaa.

6. Picha kabla ya herufi

Kibao si neno tu. Ni picha pia. Kwa watu wengi wa kizazi kilichopita, ambao hawakupata skuli, picha ndiyo iliyosomwa. Shell ilikuwa na kome la manjano na jekundu. Caltex ilikuwa na nyota. Mobil ilikuwa na farasi mwekundu mwenye mabawa. Agip ilikuwa na mbwa mweusi mwenye miguu sita anayetema moto, aliyechaguliwa katika mashindano ya uchoraji huko Italia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waitalia wenyewe waliieleza miguu hiyo kuwa minne ya gari na miwili ya dereva.

Ni vyema tujiulize picha hizo zilisomwaje na mtu wa pwani, maana picha haiji na maana yake mfukoni. Farasi wa Mobil ametoka katika visa vya Wayunani wa kale. Lakini mtoto wa Kisauni aliyepata kusikia hadithi ya Miraji katika maulidi hakuwa na haja ya Wayunani. Mnyama apaaye alikuwa na jina lake tayari, naye ni Buraki. Mbwa wa Agip, kwa upande mwingine, alikuwa mgeni wa kutiliwa shaka katika nyumba ambazo mbwa huhesabiwa najisi. Na miguu ile sita iliwafanya watoto wabishane kama ni mbwa, ni simba au ni shetani.

Kome la Shell lina fundisho lake. Mtu wa pwani ana maneno ya kutosha kwa viumbe vya baharini vyenye magamba: kome, kombe, chaza, kauri. Angeweza kukiita kituo 'Kome' kwa kuifuata picha. Hakufanya hivyo. Alifuata sauti, akasema 'Sheli'. Kwa kadiri ninavyoona, hili laonyesha kwamba jina la kituo lilipokewa kwa kinywa cha dereva na tanboi kabla halijapokewa kwa jicho la mpita njia. Kuhusu jambo hilo, mtafiti ajihadhari asiliunganishe jina la Shelly Beach huko Likoni na kampuni ya mafuta kwa sababu ya mlio tu. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa asili.

Mwandishi wa makala haya alilelewa Changamwe, na anakiri kwamba herufi zake za kwanza hakuzisoma katika kitabu. Mjomba wake, aliyekuwa tanboi wa lori la mafuta, alikuwa akimbeba mabegani na kumwuliza, 'Hiyo ya mviringo yaitwaje?' Ilikuwa O ya Mobil, nyekundu peke yake katikati ya herufi za buluu. Miaka mingi baadaye, katika chuo kikuu cha ng'ambo, profesa mmoja alitueleza kwamba mtoto huanza kusoma kwa kuvitambua vibao vya mazingira yake. Nilicheka moyoni, kwa kuwa mjomba alikuwa amekwisha kunieleza.

7. Je, hamu hii ni halali?

Hapana budi tukabili pingamizi moja zito. Kuna wenzetu watakaosema kwamba kuvililia vibao hivi ni kuulilia ukoloni mamboleo. Kampuni zile zilikuwa za kigeni karibu zote. Faida yake ilikwenda ng'ambo. Vibao vyake vilisimama katika mitaa ambayo haikuwa na maji ya bomba wala kituo cha afya. Mtoto wa Changamwe alijua nembo ya kampuni ya Marekani kabla ya kuijua nembo ya nchi yake. Kwa nini, basi, mwanachuo wa Kiafrika asikie hamu?

Pingamizi hilo lina ukweli, na ukweli mwingine wafaa kuongezwa. Harufu ile ya petroli ambayo watu husema wanaikumbuka ilikuwa na madini ya risasi ndani yake, yenye sumu ya kuudhuru ubongo wa mtoto. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006. Yeyote anayetaka kuirudisha kale na airudishe yote, pamoja na sumu yake.

Hata hivyo, nilipokwenda Likoni kuwauliza watu majina ya vituo vya zamani, mzee mmoja aliyepata kufanya kazi ya pampu alinipa jibu ambalo sikulitazamia. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nataka nini. Nilipomwambia natafuta habari za vibao, alitikisa kichwa.

'Wewe, mwanangu, wataka kibao,' akasema. 'Kibao hakikuwa chetu. Taa ndiyo iliyokuwa yetu.'

'Vipi, mzee?'

'Feri ikichelewa usiku, watu wangojea wapi? Pale penye mwanga. Watoto wa skuli wasomea wapi? Pale pale. Mwenye kuuza kahawa atia wapi buli lake? Wenye mali wakiweka taa wapate kuuza. Sisi tukaitumia kwa mambo yetu.'

Nadhani mzee huyo alilijibu pingamizi kuliko ninavyoweza mimi. Kinachoonewa hamu si kampuni. Ni matumizi ambayo watu waliyazua chini ya taa ya kampuni: baraza bila ya sebule, darasa bila ya mwalimu, mahali pa kungojeana. Mambo hayo yaliundwa na wenyeji, kama walivyoliunda neno 'kupiga debe' kutokana na bati lililotupwa. Atakayeyadharau kwa sababu taa ilikuwa ya mgeni atakuwa amempa mgeni hata kile ambacho hakukifanya.

Ni kweli vilevile kwamba kituo cha leo kina mwanga mwingi zaidi. Lakini maandishi makubwa katika vibao vyake si jina tena, ni tarakimu. Tangu Desemba 2010 bei za rejareja hupangwa upya na mamlaka ya Serikali kila mwezi, na mpita njia hutazama kibao apate kujua amepungukiwa kwa shilingi ngapi. Kibao cha zamani kilisomwa na mtoto. Cha leo husomwa na mwenye wasiwasi.

8. Wengine wamefanya nini

Hatuko peke yetu katika jambo hili. Mjini Asmara, nchini Eritrea, pana kituo cha mafuta kiitwacho Fiat Tagliero, kilichojengwa mwaka 1938 kwa michoro ya Mwitalia Giuseppe Pettazzi. Kina umbo la ndege, na mabawa yake mawili ya zege yametanda angani pasipo nguzo ya kuyashika. Kilijengwa na wakoloni, tena katika enzi ya ufashisti. Waeritrea hawakukibomoa. Mwaka 2017 mji wa Asmara, pamoja na majengo yake ya aina hiyo, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Huko Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, pana kituo cha Shell cha miaka ya 1930 chenye umbo la kome lenyewe. Nacho kiliingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya historia mwaka 1976.

Kwetu, juhudi za kuhifadhi urithi wa Mombasa zimeelekea zaidi kisiwani: Mji wa Kale, na Fort Jesus iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Hapana ubaya katika hilo. Lakini bara ya Mombasa ndiko wanakoishi watu wengi wa mji huo, na historia yao ni ya karne iliyopita: ya bandari, ya reli, ya mafuta na ya matatu. Historia hiyo haikuandikwa katika mawe ya matumbawe. Iliandikwa katika bati lililopakwa rangi.

Simaanishi kwamba kila idara ya lugha ianze kukusanya vibao vyenye kutu. Kazi hiyo ina wenyewe. Kazi yetu ni majina. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotoka Likoni, Kisauni na Changamwe watumwe makwao wakati wa likizo kuandika majina ya vituo vya matatu kama yanavyotamkwa, si kama yanavyoandikwa. Pili, kila jina liandikwe pamoja na umri wa msemaji na mwaka alioanza kukaa pale, ili matabaka niliyoyataja yaonekane. Tatu, waandishi wa kamusi waamue kuhusu maneno kama 'sheli', ambayo mamilioni ya watu huyatumia kila siku, huku sisi tukiendelea kuandika 'kituo cha mafuta' kana kwamba hatuyasikii.

9. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba majina ya vibao vya petroli yaliingia Kiswahili kwa kanuni zinazojulikana za fonolojia na ngeli. Kwamba upande wa Tanzania jina moja likawa neno la jumla, na upande wa Mombasa majina mengi yakawa majina ya mahali. Na kwamba hamu ya kale wanayoisikia wenyeji huwa na haki pale inapokumbuka walichokifanya wao, si walichokiuza wageni.

Lugha huweza kulihifadhi jina baada ya kibao kushuka, lakini haiwezi kulihifadhi peke yake. Mzee niliyemtaja hapo juu alinitajia majina manne ya kituo kimoja, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa miaka aliyoyashuhudia. Nilikuwa na kalamu na karatasi, nami niliyaandika. Kijana aliyekuwa ameketi karibu yetu akingoja gari alilijua moja tu, lile la mwisho. Alisikiliza mengine matatu kama asikilizavyo mtu majina ya babu zake kwa mara ya kwanza.